Baba yake naye alipigwa: namna ukatili kwa watoto unavyohama kizazi hadi kizazi

Kesi ya mtoto aliyeumizwa ikifika ofisi ya kata, iwe Sombetini mjini Arusha au Pasua mjini Moshi, mara nyingi kuna mtu kwenye benchi atakayesema: "Baba yake naye alilelewa hivyo hivyo." Waliopo huitikia, na mjadala hupoa kana kwamba sababu imepatikana na hakuna la kuongeza. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ikiachwa ilivyo, inampa mpigaji kisingizio, na inamtia hofu binti aliyepigwa sana utotoni ambaye sasa ana mimba ya kwanza na anajiuliza usiku kama naye ameshaandikiwa kuwa mama wa mkanda.

Jibu fupi kwa binti huyo ni hapana. Jibu refu linataka tuonyeshe ni kitu gani hasa kinachohama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kinapita njia ipi, na kwa nini kwa watu wengi hakihami.

Kosa la kuhesabu kinyumenyume

Chukua mtaa wa kubuni wenye wazazi 100. Tuseme 40 kati yao waliumizwa vibaya walipokuwa wadogo, na 60 hawakuumizwa. Katika wale 40, wazazi 12 wanawaumiza watoto wao. Katika wale 60, wanaofanya hivyo ni 6. Afisa ustawi wa jamii atakayepokea kesi zote 18 atakuta wahusika 12, yaani theluthi mbili, walipigwa utotoni. Ataamini kwamba aliyepigwa hupiga, na hatakuwa amedanganywa na mafaili yake. Sasa anzia upande wa pili, kwa wale 40 waliopigwa: 28 hawarudii. Hao hawafiki ofisini, kwa hiyo hakuna anayewahesabu.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini haujaachana sana na yaliyopimwa. Mwaka 1987 Joan Kaufman na Edward Zigler, watafiti wa Marekani, walipitia tafiti zilizokuwepo wakakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya waliotendewa ukatili utotoni huwatendea watoto wao ukatili. Makadirio hayo yamebishaniwa sana tangu wakati huo, kwa sababu kila utafiti hupima kitu chake: mmoja unahesabu kesi za polisi, mwingine unawauliza wazazi, mwingine unawauliza watoto. Mwelekeo, hata hivyo, haujabadilika. Uchambuzi wa watafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2018, uliounganisha tafiti nyingi, uliona kwamba uwezekano wa ukatili katika familia ambayo mzazi aliupitia utotoni ni karibu mara tatu ya familia nyingine. Kwa hiyo hatari ipo, tena ni kubwa, na bado wengi hawarudii. Mambo hayo mawili lazima yashikwe pamoja.

Kuna utafiti mmoja unaostahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Cathy Spatz Widom alifuatilia kwa miongo kadhaa watu ambao ukatili waliotendewa utotoni ulithibitishwa kwenye kumbukumbu za mahakama za 1967 hadi 1971, akiwalinganisha na wenzao wanaofanana nao kwa umri, jinsia na hali ya maisha. Matokeo ya 2015 yalileta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Waliotendewa ukatili waliripotiwa zaidi kwenye idara za ulinzi wa mtoto, lakini wao wenyewe walipoulizwa hawakueleza kuwapiga watoto wao zaidi kuliko wenzao. Watoto wao nao walieleza zaidi kutojaliwa na kufanyiwa ukatili wa kingono. Sehemu ya "urithi" unaoonekana kwenye mafaili inatokana na macho ya ofisi: familia iliyokwisha kuandikwa hutazamwa zaidi, na kosa ambalo kwa jirani lingepita, kwao linaingia kwenye faili.

Na mtoto wa mama aliyebakwa utotoni akibakwa, haina maana mama ndiye mtendaji. Mara nyingi kilichorudi ni mazingira. Mama aliyekimbia nyumba ya hatari akiwa na miaka 16 huishia kuishi na mwanamume wa kwanza aliyempa chumba, na chumba hicho kinaweza kisiwe salama kwa binti yake.

Kwetu njia ni pana zaidi

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walisema walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walipata ukatili wa kingono.

Tafiti nyingi za urithi wa ukatili zimefanywa katika nchi ambazo mtoto aliyepigwa vibaya ni wa pekee darasani, na kwa hiyo macho yote yanaelekea kwenye jeraha la mtu mmoja na nyumba yake. Pale ambapo robo tatu wamepigwa, njia kubwa ya kuhama si nyumba peke yake. Mtoto aliyepona kwa baba anakutana na fimbo shuleni, kofi kwa mwalimu wa mafunzo ya dini, na jirani anayesema "ningekuwa mimi ningemchapa." Mama anayejizuia anaambiwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kulelewa kwa upole na bado akawa mpigaji, kwa kuwa mtaa mzima umemfundisha.

Sheria yenyewe haijafunga mlango. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso na adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, lakini imeacha nafasi ya kumrekebisha mtoto kwa kiasi, kwa kuzingatia umri na hali yake. Watu wachache wanajua kwamba sheria hiyo hiyo inasema adhabu haina uhalali kwa mtoto ambaye, kwa udogo wake, hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Kwa maneno hayo peke yake, kumchapa mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa kulia hakuna pa kujitetea. Kanuni za shule za 2002 nazo zinaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwalimu anayetembea na fimbo darasani tangu asubuhi yuko nje ya kanuni hizo.

Sekunde chache za uji uliomwagika

Ili kuona kinachohama, tupunguze mwendo wa tukio moja la kawaida. Mama ameuza ndizi soko la Kilombero tangu alfajiri. Saa kumi na mbili jioni yuko chumbani kwake Unga Limited, amewasha jiko la mkaa, kodi ya chumba ina siku tatu. Mwanawe wa miaka mitatu anasukuma kikombe na uji unamwagika juu ya nguo zilizokunjwa. Kati ya kikombe kuanguka na mkono kunyanyuka hupita sekunde mbili au tatu. Ndani ya sekunde hizo kuna mambo manne, na kila moja linaweza kuwa limebeba utoto wa mama.

La kwanza ni mwili. Aliyekulia katika nyumba ambamo mlango ukibamizwa maana yake ni hatari, mwili wake ulijifunza kuruka haraka. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayotambua tishio, huwaka mapema zaidi, moyo unakimbia, misuli inakaza, na homoni za dharura zinamwagika kabla akili haijauliza kilichotokea ni nini. Hilo lilimsaidia alipokuwa mtoto. Sasa kelele ya kikombe na kilio cha mtoto vinaliamsha lile lile.

La pili ni maana. Mtoto wa miaka mitatu humwaga kwa kuwa mikono yake bado haijakomaa na hawezi kusubiri. Mama aliyeambiwa kila siku utotoni kwamba "unafanya makusudi" anasoma tukio hilo kwa macho aliyopewa: ananidharau, ananijaribu, huyu ni mkaidi kama baba yake. Huu ndio mzigo mzito kuliko yote, na ndio unaosahaulika kwenye semina. Mzazi anayeamini kwamba mtoto wa miezi 8 analia ili kumkomoa atapiga hata akiwa ameshiba na ametulia. Kukojoa kitandani ni mfano mwingine: takriban asilimia 15 ya watoto wa miaka 5 bado hukojoa usiku, wakiwa usingizini, bila uamuzi wowote. Bado watoto wengi huamshwa kwa fimbo kwa jambo ambalo hawakulifanya wakiwa macho.

La tatu ni uchache wa njia. Muulize mama huyo angefanya nini kingine, naye anaweza kukosa jibu. Hajawahi kumwona mtu mzima akisema "chukua kitambaa tufute," akafuta pamoja na mtoto, na maisha yakaendelea. Alichokiona ni kipigo, matusi au kimya cha siku mbili.

La nne ni malipo ya papo hapo. Kofi linampiga mtoto, chumba kinanyamaza. Mama amejifunza kwamba kofi linafanya kazi. Gerald Patterson, aliyechunguza familia kwa miaka mingi katika jimbo la Oregon, alieleza mzunguko huu vizuri: kila upande unamfundisha mwenzake kuongeza nguvu. Mtoto anazoea kofi, kwa hiyo kesho linahitajika kubwa zaidi. Au mzazi anachoka, anamwachia, na mtoto anajifunza kwamba ukilia kwa muda mrefu utashinda. Mtoto wa nyumba hiyo, akiwa na miaka 25, ana seti nzima ya kuanzia: mwili ulio macho, maana mbaya, njia moja, na kumbukumbu kwamba njia hiyo hunyamazisha.

Kutojali hupita njia nyingine kidogo. Aliyelia bila kujibiwa hujifunza kuzima hitaji lake, na akiwa mzazi kilio cha mtoto humfanya ajiondoe badala ya kusogea. Mary Ainsworth, ambaye kazi yake ya kwanza ya kuchunguza mama na vichanga aliifanya vijijini Uganda katikati ya miaka ya 1950, aliona kwamba mtoto hujenga tegemeo kwa kuitikiwa kwa usahihi mara kwa mara. Chakula na nguo peke yake havitoshi. Nyumba inaweza kuwa na friji iliyojaa, gari nje, na mtoto ambaye hakuna mtu mzima anayemtazama usoni wiki nzima.

Je, si damu?

Wazee wengine husema ukoo fulani una damu ya hasira. Tabia za mwili hurithiwa kwa kiasi, hilo ni kweli, na baadhi ya watoto huzaliwa wakiwa wepesi kushtuka. Lakini kuna jaribio la maabara la Montreal linalosaidia kufikiri. Michael Meaney na wenzake walitazama panya: baadhi ya mama hulamba vichanga vyao sana, wengine kidogo, na mabinti huja kulamba kama mama zao. Ilionekana kama damu. Kisha wakabadilishana vichanga. Matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba kichanga wa kike aliyezaliwa na mama asiyelamba, akilelewa na mama anayelamba sana, akawa mama anayelamba sana. Kilichopita kilikuwa malezi. Mwanadamu si panya, na ushahidi wa namna malezi yanavyoandika alama kwenye jeni za binadamu bado haujaiva kiasi cha kumhukumu mtu kwa hizo. Ila somo la kubadilishana vichanga linatosha kumnyima mtu haki ya kusema "ndivyo tulivyo."

Mizigo inayoongeza uzito

Mwenye historia mbaya na maisha tulivu hana hatari sawa na mwenye historia hiyo hiyo anayeishi kwa msongo. Pombe, iwe gongo au mbege ya kuanzia asubuhi, hufupisha zile sekunde tatu. Mume anayempiga mke huongeza uwezekano wa watoto kupigwa na wote wawili. Sonona baada ya kujifungua, ambayo mara nyingi huitwa uvivu, humfanya mama asisikie kilio au asikivumilie. Mimba ya miaka 16 inamkatisha shule na kumwacha akimtegemea mtu.

Kilimanjaro kuna jambo la kuangaliwa kwa haki. Watoto wengi hukaa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo kijijini, kwa bibi wakati wazazi wako mjini, Mererani au Dar es Salaam. Kupelekwa kwa bibi si kutelekezwa. Kwa watoto wengi bibi ndiye aliyewaokoa. Inageuka kutelekezwa pale hela za matumizi zinapokatika, simu hazipigwi, bibi amezeeka na anashindwa hata kuchota maji, na mtoto wa miaka 9 ndiye anayemlea yeye. Vivyo hivyo kwa dada wa kazi. Familia inayomwacha mtoto wa miezi 6 na msichana wa miaka 15 kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja usiku imewaacha watoto wawili nyumbani. Msichana huyo akipigwa na mwenye nyumba, kipigo kinaweza kushuka kwa kichanga mchana huo huo.

Waliokatiza walikuwa na nini

Katikati ya miaka ya 1970, Byron Egeland na wenzake walianza kuwafuatilia wajawazito 267 wenye kipato duni huko Minnesota. Mwaka 1988 walilinganisha mama waliopigwa utotoni wakarudia na waliopigwa lakini hawakurudia. Waliokatiza walitofautiana na wenzao kwa mambo matatu: utotoni walikuwa na mtu mzima mmoja asiye mkatili aliyewapenda, au waliwahi kupata ushauri wa kitaalamu wa muda wa kutosha, au sasa wanaishi na mwenza mtulivu anayewashika mkono.

Lile la kwanza linawahusu shangazi, mjomba, mwalimu, katekista na mama mwenye duka la jirani. Mtu huyo hakumwokoa mtoto kutoka nyumbani. Alimwonyesha tu kwamba kuna namna nyingine, na kwamba kosa halikuwa lake. Ukitaka kuwa mtu huyo, jambo la maana ni kudumu: Jumamosi moja kila wiki kwa miaka mitatu inashinda zawadi kubwa ya Krismasi. Akikusimulia, mwamini, usimkatize, na usimwahidi kwamba utakaa na siri.

La pili linahitaji maelezo. Selma Fraiberg na wenzake huko Michigan waliandika 1975 kwamba mama wengi waliorudia ukatili walikumbuka vizuri matukio: mkanda, siku, hata rangi ya nguo. Walichopoteza ni hisia. Walisimulia kwa kicheko, au kwa kusema "nilistahili." Wale waliokumbuka hofu na uchungu, kwa kuukumbuka, waliweza kuuona usoni kwa watoto wao. Ndiyo maana sentensi "mimi nilichapwa na nimekuwa mtu" inapaswa kusikilizwa kwa makini. Aliyeisema mara nyingi amekuwa mtu kweli, kwa juhudi zake na za waliomsaidia, na bado hajawahi kupewa nafasi ya kusema kwamba siku ile aliogopa.

Kazi ya nyumbani

Mzazi anayetaka kubadilika aanze kwa kujua saa yake ya hatari. Kwa familia nyingi za mjini ni kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni: njaa, uchovu, kazi za shule na mapishi vimekutana. Mpe mtoto kitu cha kula saa kumi, hata kipande cha kiazi, na utakuwa umepunguza vilio kabla hujajifunza mbinu yoyote.

Kisha ajue ishara ya mwili wake kabla ya mkono: taya kukaza, sikio kuwaka, sauti kupanda. Ishara ikija, weka chini kilichopo mkononi, mwiko au kandambili, maana kilichopo mkononi hutumika. Hakikisha mtoto yuko mbali na moto na maji ya moto. Toka hadi mlangoni. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, mara kumi. Ni chini ya dakika mbili. Kutoa pumzi kirefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Ukirudi, sema sentensi moja inayoeleza kinachotakiwa: "Leta kitambaa, tufute." Mahubiri hayaingii kichwani mwa mtoto wa miaka mitatu.

Kwa kichanga kanuni ni kali zaidi. Kilio cha kichanga huongezeka hadi karibu wiki ya 6, kisha hupungua taratibu kuelekea mwezi wa 3 au wa 4, hata malezi yakiwa mazuri. Mzazi asiyelijua hilo huona ameshindwa. Kumtikisa kichanga hata kwa sekunde chache kunaweza kusababisha damu kuvuja kichwani, upofu au kifo, bila alama yoyote ya nje. Ukihisi mikono inakaza, mlaze chali mahali salama, ondoka chumbani kwa dakika tano, mwite jirani. Kichanga kinachoweza kulia dakika tano peke yake kiko salama kuliko kilicho mikononi mwa mtu aliyefika mwisho.

Dakika 10 kwa siku, simu ikiwa mbali, mtoto achague mchezo na wewe umfuate bila kumrekebisha. Hapa wazazi wengi waliopigwa hukwama: hawajui kucheza, na wanaona aibu. Waanze kwa kusema tu wanachokiona: "Unapanga visoda. Chekundu umekiweka juu." Inatosha. Na kusifu kuwe kwa kitu mahususi, "umeweka viatu mlangoni" kuna faida kuliko "mtoto mzuri."

Siku utakapopiga au kutukana tena, na huenda itafika, rudi kwa mtoto mkiwa wote mmetulia. "Nilikupiga. Haikuwa sawa, na ni kosa langu. Kumwaga uji si kosa kubwa." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini wewe nawe unaniudhi," umemrudishia mzigo.

Kinachowakatisha tamaa wengi ni wiki mbili au tatu za mwanzo. Mtoto aliyezoea kwamba mpaka huja na fimbo, fimbo ikiondoka hujaribu kuutafuta mpaka ulipo. Atazidi kulia, atazidi kukataa. Bibi atasema, "Mnaona? Mmemharibu." Mzazi akirudi kwenye mkanda wakati huo, mtoto amejifunza kwamba ukaidi unahitaji wiki tatu. Akishikilia neno moja kwa utulivu, vilio hupungua.

Msaada unapoharibika

Semina ya siku moja yenye ujumbe "acheni kupiga" huondoa njia pekee aliyonayo mzazi bila kumpa nyingine, naye huhamia kwenye matusi, vitisho vya kumfukuza, au kumnyima chakula. Mafunzo ya malezi yaliyoonyesha matokeo huendeshwa kwa wiki kadhaa, kwa kuigiza matukio na kujaribu nyumbani kati ya kikao na kikao. Kuwaita mama peke yao ni kosa jingine. Akirudi na mbinu mpya, mume humwona amelegea. Vikao vya Jumapili baada ya ibada, au kwenye vikoba vyenye wanaume, huwapata baba wengi zaidi kuliko mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi.

Shule nazo zinaweza kubadilika. Nchini Uganda, jaribio katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, lililochapishwa 2015, lilipunguza ukatili wa kimwili wa walimu kwa asilimia 42. Lilihusisha walimu, uongozi na wanafunzi kwa mwaka mmoja na nusu.

Wahudumu wa kliniki wawe waangalifu na swali "Je, ulipigwa utotoni?" likiulizwa kwa kuweka tiki. Mama anajua maana yake: ameshawekwa kwenye kundi. Afadhali: "Kwenu mtoto akikosea ilikuwaje? Nani alikuwa anakutetea? Ni kitu gani hutaki mwanao akipitie?" Swali la pili linaonyesha kinga aliyonayo, na la tatu humpa yeye usukani. Kumlazimisha asimulie ubakaji mbele ya kikundi hakumponyi. Mara nyingi humfungulia kiwewe na kumrudisha nyumbani peke yake nacho.

Ukisikia kwa jirani

Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto anayekosewa haki zake kuripoti kwa serikali ya mtaa. Kwa vitendo ni mwenyekiti wa mtaa, mtendaji au afisa ustawi wa jamii wa kata, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu ya bure 116. Taja umri wa mtoto unavyokadiria, nyumba ilipo, ulichokiona au kukisikia na siku yake, na kama yuko hatarini sasa hivi. Usimkabili mzazi kwa hasira kisha uondoke. Mtoto ndiye atakayelipa usiku huo kwa kuonekana amesema.

Kwa ukatili wa kingono saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni. Afikishwe hospitali, kama Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa Moshi. Matibabu yasisubiri kikao cha ukoo. Kumaliza shauri nyumbani kwa mbuzi na faini humrudisha mtoto mikononi mwa yule yule, na huwafundisha wadogo zake waliokuwa wakisikiliza kwamba kusema hakuna faida.

Desemba kihambani

Mwisho wa mwaka, familia hupanda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na mzazi aliyeamua kuacha fimbo hukutana na aliyemchapa. Jambo hili lisisubiri mtoto avunje kitu. Liseme kabla, faragha, kwa heshima: "Baba, shikamoo. Nina ombi. Huyu mjukuu wako akikosea, niite mimi, nitamrekebisha mwenyewe." Kisha mpe babu nafasi nyingine: amwonyeshe mbuzi wanavyolishwa, amfundishe kuchuma kahawa, amsimulie habari za ukoo. Wazee wengi hupokea, kwa kuwa utani wa babu na mjukuu una upole ambao baba hakuruhusiwa kuwa nao kwa mwanawe. Asipokubali, fupisha siku, lala kwa dada au kaka, na usimwache mtoto peke yake.

Kwa ndugu aliyewahi kukufanyia ukatili wa kingono, mazungumzo ya namna hiyo hayatoshi, hata kama imepita miaka 20 na sasa ni mzee wa kanisa au msikiti. Mtoto wako halali nyumba hiyo, haachwi naye hata kwa muda wa kwenda dukani, na kama binamu zako wana watoto watakaolala pale, waambie kabla hawajakata tiketi.